Jino la Sita

Tulimzika Masanja nyumbani kwake Mwamkulu, hatua chache kutoka kwenye zizi alilolijenga kwa mikono yake, na mimi niliwekewa kiti cha mbele, kati ya mwenyekiti wa kijiji na katekista. Sikushangaa. Mpanda wananijua. Mimi ndiye niliyeondoka hapa na begi la kitambaa, ndani ya behewa la daraja la tatu hadi Kaliua na mbele zaidi, nikarudi na stashahada ya tiba ya meno yenye mhuri. Nyumba yangu nimeiezeka vigae bila kuomba tofali kwa mtu. Msemaji wa familia aliposoma historia ya marehemu alinitaja: "Yupo hapa daktari wetu, aliyeokoa meno ya watoto wa Mwamkulu wakati dawa ya meno tunaisikia redioni tu." Watu wakageuka kunitazama. Siku nyingine yoyote ningeinua kichwa. Siku ile nilitazama viatu vyangu, kwa sababu kando ya jeneza alikaa Kabula, binti mkubwa wa marehemu, na kuna neno moja kuhusu mdomo wa Kabula ambalo nilipaswa kumwambia baba yake katikati ya miaka ya tisini. Sikulisema. Sasa baba alikuwa anakwenda kufukiwa bila kulisikia kutoka kwangu.

Mwaka wenyewe ulianza vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Mpanda ilikuwa bado wilaya tu, makao ya mkoa yakiwa mbali Sumbawanga, na katika kituo cha afya nilichopangiwa hakuna aliyewahi kumwona mtu mwenye stashahada ya meno. Nilipewa chumba cha mwisho, kilichokuwa stoo ya vyandarua. Nilikipaka chokaa mwenyewe. Nikaweka kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, nikakikata miguu ya nyuma kidogo ili mgonjwa alale kichwa chali, nikaweka jiko la mchina la kuchemshia vifaa, na juu ya ukuta, mahali ambapo aliyelala kwenye kiti hawezi kukwepa kuona, nikatundika cheti changu ndani ya fremu ya kioo. Kwa vyeo nilikuwa mtabibu wa meno, si daktari, lakini watu waliniita Daktari kuanzia wiki ya kwanza nami sikuwasahihisha. Chumba kilinuka mafuta ya taa na mafuta ya karafuu. Hadi leo nikisikia harufu hizo mbili pamoja, nanyoosha mgongo kama kijana wa miaka ishirini na sita aliyevaa koti jeupe.

Nilichokikuta midomoni mwa watoto kilinishtua. Chuoni tulifundishwa kwamba ngao ya kwanza ya meno ni madini ya floraidi, yaliyomo kwenye dawa ya meno na kwenye maji ya baadhi ya sehemu. Maji ya visima vyetu hayakuwa nayo ya kutosha, na dawa ya meno ilifika kwa treni, vichupa vichache, ikanunuliwa na watumishi na walimu. Kwa watoto wa wafugaji kulikuwa na jambo jingine. Familia zilizotoka kaskazini na ng'ombe zilikuja na desturi ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, na mtoto aliyekwenda kuchunga ndama alijaza mfuko akatafuna kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni. Michembe inanata. Inaingia kwenye mabonde ya magego na kukaa humo kama udongo kwenye kwato. Kisha wakaikuta huku asali ya Wakonongo, wenyeji wa huku, ambayo walibadilishana kwa maziwa. Nilikuwa nafungua midomo ya watoto wa miaka saba na kukuta mashimo ambayo kwingine ungeyakuta kwa mtu mzima. Wazazi wao, ajabu, walikuwa na meno ya kahawia, yenye mabaka kama yameungua, lakini mazima. Maji ya walikozaliwa yalikuwa na madini hayo kupita kiasi, yakawachafulia rangi huku yakiwakomaza meno. Watoto wao wakazaliwa huku, meno meupe mazuri, yasiyo na ulinzi wowote.

Masanja alikuja siku ya mnada, amempakia Kabula nyuma ya baiskeli, shavu limevimba. Foleni ilikuwa imejaa hadi uwanjani. Alikuwa mwanaume mrefu mwenye miaka thelathini na kitu, dalali wa ng'ombe, kofia haimtoki kichwani, na meno yale ya kahawia akicheka hayafichi. Alisimama mlangoni akatazama cheti, akatazama koleo zangu, akasema kwa sauti ya mnadani, "Daktari, mimi na wewe kazi yetu moja. Mimi nafungua midomo ya ng'ombe kujua umri, wewe ya watu. Ila wangu hawalii."

"Na siku wakikung'ata?" nikamjibu.

"Ng'ombe wa kuning'ata kwa meno gani? Juu mbele hana hata moja. Hilo hawakukufundisha huko chuo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ni kitu kidogo, kicheko cha foleni, lakini mimi kilinichoma. Nilitaka kazi iishe upesi, wamwone anayejua. Nikamuuliza mtoto ana umri gani. Masanja akasema, "Huyu alizaliwa mvua ile tulipoingia huku na ng'ombe." Sikuuliza ni mvua ya mwaka gani. Mtoto alikuwa mdogo wa umbo, mikono kama vijiti vya alizeti, nikaandika miaka mitano. Nikafungua mdomo, nikaona chini kulia gego lenye shimo. Sista Consolata, muuguzi mtu mzima aliyenishikia taa, akaninong'oneza, "Daktari, tuhesabu kwanza?" Kuhesabu ni kuweka kidole kwenye jino la kati na kwenda nyuma, moja, mawili, matatu. Meno ya utoto kila upande yanaishia la tano. Jino la sita huota lenyewe nyuma ya hayo, mtoto akikaribia miaka sita, bila jino lolote kutoka kumpisha, na ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hivyo. Nikamwambia Sista, "Nimesoma miaka mitatu, Sista." Kisha nikamgeukia Masanja nikasema kwa wote kusikia, "Ni la utoto hili. Tunalitoa, litaota jingine."

Ganzi ilishika, jino likatoka kwa shida kuliko nilivyotarajia, nikaliweka kwenye bakuli la bati. Likalia ting. Nikalitazama. Mizizi ilikuwa mirefu na minene, mizizi ya jino lililokuja kukaa. Mtoto, nilikuja kujua, alikuwa na miaka minane. Nilikuwa na dawa ya kuziba kwa muda ndani ya kabati, hatua mbili kutoka pale. Ningeweza walau kujaribu. Sista aliona nilichokiona, akageuka kupanga pamba. Masanja aliliokota jino kwa vidole viwili, akaligeuza, akalipitishia kidole gumba kwenye mizizi polepole, kama alivyofanya maelfu ya mara kwenye kazi yake.

"Mizizi mirefu hii, Daktari."

"Ni kawaida," nikasema.

Kabula, pamba mdomoni, akauliza, "Litarudi?"

Cheti kilikuwa juu ya kichwa changu. Foleni ilikuwa mlangoni. "Litarudi," nikasema.

Kwao jino la mtoto hurushwa juu ya paa ili jipya lije. Jumamosi iliyofuata niliazima baiskeli ya kituo nikaenda Mwamkulu, nikijidanganya kwamba nakwenda kutazama kidonda. Kabula alinipokea uani akanionyesha paa la nyasi, "Liko pale," huku akitabasamu na lile pengo. Nilimfungua mdomo, nikahesabu safari hii, polepole. Magego ya kudumu yalibaki matatu. Moja, la chini kushoto, lilikuwa na doa la kahawia kwenye bonde lake. Nikaapa pale uani kwamba haya matatu hayatatoka.

Huko ndiko ilikoanzia kazi ambayo watu wananisifia. Sikuwa na floraidi, basi nikatumia nilichokuwa nacho. Mzee mmoja mrina asali alinionyesha kijiti ambacho ukikitafuna ncha hufumuka nyuzi laini, nikawafundisha watoto wa boma lile kukitumia, si mbele tu kama wavulana wanaoringa, bali nyuma kabisa. Jino la sita likiwa bado linachomoza huwa limejificha chini ya wenzake, kijiti kikipita moja kwa moja kinaliruka. Lazima kiingie kwa ubavu, kutoka shavuni, kikwangue juu ya gego. Mtoto hawezi peke yake. Nilimfundisha Mama Kabula amlaze mtoto kichwa mapajani, kama anavyomsuka, na kumsugulia mwenyewe kila jioni baada ya chakula, kisha mdomo usiguswe na kitu isipokuwa maji. Yeye alicheka, "Daktari, kwa hiyo nimsuke kichwa na meno?" Nikamwambia ndiyo, na meno. Na michembe: sikuikataza, ni chakula, ni akiba ya kiangazi. Nilisema iliwe mara moja, pamoja na mlo wa mchana, mtoto asukutue kwa maji na kunywa maziwa juu yake, asiitafune kutwa. Kinachotoboa jino si wingi wa utamu tu, ni kutopewa nafasi ya kupumzika.

Kila Jumamosi nikaenda. Mvua zilipofunga njia nilibeba baiskeli begani. Watoto wa maboma jirani walianza kuja, ishirini, kisha zaidi, wakipanga mstari na vijiti vyao, na mimi nikipita kifua mbele nikikagua. Sitakataa, nilifurahia. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Kabula, kwenye doa lile. Na kila mwezi, siku ya mnada, Masanja alipita kituoni, akaingiza kichwa dirishani kabla hata ya salamu. "Daktari, jino bado."

"Vuta subira, Baba Kabula."

"Haya. Tunavuta."

Mwezi uliofuata, tena. "Daktari, jino bado." Alisema bila hasira, kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Sista Consolata alikuwa akisikia hayo anatoka chumbani. Siku moja akarudi, akaniambia, "Mwanangu, ulimi wako utapata ugonjwa kabla ya meno ya watu." Nilimwambia nitasema mnada ujao. Mnada ukaja, dirisha likafunguka, nikasema, "Vuta subira."

Msimu wa asali ulipofika nilikuta pale nyumbani ndoo imejaa masega, na watoto, Kabula akiwa mbele, wanachovya vidole na kunyonya tangu asubuhi. Lile doa lilikuwa limelainika. Kijiti kilinasa juu yake. Nilikaribishwa chakula. Tulikaa wanaume kwenye chumba cha mbele, ugali wa mtama, mlenda na maziwa ya mgando, Mama Kabula akiwa mlangoni na upawa. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu siku zote hutoka mdomoni ikiwa ukali.

"Nyie watu wa ng'ombe mnanishangaza," nikasema. "Ndama mnamlinda asile jani baya. Mtoto mnamwachia ndoo ya asali. Baba Kabula, jino lile la kushoto linaoza. Litatoka!"

Masanja alikata tonge, akalichovya kwenye mlenda, hakulila. "Daktari, lile ulilong'oa si litarudi?"

"Litarudi."

"Na hili likitoka, si litarudi vilevile?"

Nilirudisha tonge langu kwenye sahani.

"Sasa mbona unalililia?"

Mama Kabula alisimama na upawa hewani. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa. Nilichohitaji ni kupita. Ningesema, Baba Kabula, nilikosea, nilikuwa na haraka, lilikuwa jino la ukubwa, haliji. Maneno kumi na moja. Nikafikiria cheti ukutani, nikafikiria foleni ikicheka, nikasema, "Usafi ni usafi."

Masanja aligeuza tonge vidoleni. "Haya," akasema. "Usafi ni usafi." Kisha akapaza sauti kuita uani, "Kabula! Leteni ndoo hapa. Asali tunakula sasa hivi, pamoja na ugali, kisha inafungwa. Kuanzia leo asali ni ya chakula, mfukoni na vidoleni hapana. Daktari kasema." Akala tonge lake.

Nilipokwenda kuchukua baiskeli nyuma ya jiko niliwasikia mke na mume wakizungumza Kisukuma, ambacho nilikuwa nashika nusu. Mama alisema, "Mwambie basi. Mwanaume mzima anateseka." Masanja akajibu, "Mwache aje." Nilidhani mama amechoka na ukali wangu, anataka niambiwe nipunguze safari, na mume ananitetea. Nilipanda baiskeli nikiona kwamba sistahili utetezi ule.

Doa halikutoboka. Baada ya miezi ya kijiti na maji na mdomo kupumzishwa, likawa gumu, jeusi, linang'aa kama mbegu ya tikiti, na kijiti kikateleza juu yake. Nawaambia vijana wanaotoka vyuoni leo: nilisimamisha jino kuoza kwa kijiti na ratiba ya chakula. Nawaambia pia wasinielewe vibaya. Dawa ya floraidi ipo sasa kila duka, ningekuwa nayo mwaka ule ningeitumia kwa mikono miwili. Mwisho wa mwaka nikapata barua ya uhamisho. Siku ya kuaga Masanja alinipeleka stesheni mwenyewe, mzigo wangu kwenye baiskeli yake. Treni ilipopiga honi aliniambia, "Daktari, jino bado." Nikasema, "Bado." Sikuongeza subira. Hilo ndilo neno la karibu zaidi na ukweli nililowahi kumpa.

Nimesimulia habari za Jumamosi zile katika semina na mikutano mingi, na kila mara nimeanzia pale uani, na watoto na vijiti vyao. Sikuwahi kuanzia kwenye bakuli la bati. Niliporudi Mpanda kustaafu, nilimtembelea Masanja mara tatu. Alikuwa mzee, haoni vizuri, bado na kofia. Tulizungumza bei ya ng'ombe. Kila nilipoinuka kuondoka alishika mkono wangu kidogo zaidi ya kawaida, nami nikasema nitarudi.

Baada ya mazishi, watu wakila chini ya turubai, Kabula aliniletea sahani ya ugali na nyama, akavuta kigoda akakaa karibu yangu. Ana watoto wanne sasa, amenenepa, anauza nafaka sokoni. "Kabula," nikasema, "lile jino lako."

"La ukubwa," akasema. "Tunajua, Baba Daktari."

Niliweka sahani chini. "Nani aliwaambia?"

"Baba. Siku ileile, njiani, tuko kwenye baiskeli. Alisema gego la nyuma halina mrithi, hata kwa ng'ombe. Mimi nikalia. Akasema, lirushe kwenye paa tu, na daktari akija mwambie unalisubiri."

"Kwa nini?"

Alifuta mikono kwenye kitenge. "Mama naye alimuuliza hivyo. Alitaka uambiwe, alikuwa anakuonea huruma. Baba akasema, akijua tunajua, ataona aibu, hatakanyaga tena hapa. Asipojua, atakuja kila wiki. Wa mshahara anakuja akitumwa, mwenye lake moyoni anakuja hata na mvua. Mwache aje mpaka yale matatu yakomae." Akacheka kidogo, machozi yakiwa bado usoni. "Na kila mwezi alikuwa anakupitia dirishani ili usisahau."

"Miaka yote hii?"

"Uliporudi alitamani umwambie. Alisema nisikutangulie, hilo ni lako." Kisha akafungua mdomo pale pale mbele za watu, akavuta shavu kwa kidole. Yalikuwepo, matatu, na doa langu jeusi bado liko kwenye bonde lake, gumu, limetulia. Nilidhani kwa miaka yote hiyo kwamba mimi, msomi, namficha mchungaji asiyejua kusoma. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananichunga mimi, na alinipeleka malishoni kila Jumamosi kwa mwaka mzima bila kunipiga fimbo.

Kabula akamwita kitinda mimba wake, aliyekuwa anagombania mfupa na binamu zake. "Ana miaka sita na miezi miwili," aliniambia, bila mimi kuuliza. "Mtazame." Nilinawa mikono kwa maji ya kunywa, nikamlaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Nikaweka kidole jino la kati, nikaenda nyuma kwa sauti: moja, mawili, matatu, manne, matano. Nyuma ya la tano fizi ilikuwa imepasuka, na kilele cheupe kimechomoza, kimejificha chini ya wenzake. Nikalionyesha kwa mama. Mtoto akanitazama kutoka chini, kidole changu bado kiko mdomoni mwake.

"Babu, hili likitoka litarudi?"

"Halirudi," nikasema. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana mwenyekiti wa kijiji aliacha kula akageuka.